Nyama ya Desemba ndani ya friza: nitajuaje kama bado inafaa kupikwa?

Mwalimu Mstaafu (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo limetugawa hapa nyumbani tangu asubuhi, na kwa kuwa nimefundisha Jiografia kwa miaka 31 wala si mambo ya jikoni, sioni aibu kuuliza.

Binti yetu amejifungua salama wiki iliyopita, na Jumamosi anakuja hapa nyumbani Pasua ili mama yake amtunze mpaka apate nguvu. Kwa desturi yetu mzazi hupikiwa mtori, na mtori usio na nyama ni ndizi zilizopondwa tu. Nilipofungua friza kuona tuna nini, nilikuta chini kabisa mzigo ambao tulikuwa tumeusahau: paja zima la mbuzi ambalo nakisia lina kilo tatu, mfuko wa nyama ya kusaga, maini, kuku mmoja wa kienyeji na pakiti mbili za nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande. Sehemu kubwa ni nyama tuliyogawana Desemba iliyopita kule Kibosho, ukoo ulipokutana kihambani na kuchinja ng'ombe mmoja na mbuzi wawili. Sasa ni Septemba, kwa hiyo miezi tisa imepita.

Lile paja lina mabaka ya kijivu yanayoelekea weupe, makavu kama ngozi ya kisigino wakati wa kipupwe. Nyama ya kusaga imekuwa ya kahawia. Nimenusa kila mfuko na sikusikia harufu yoyote mbaya. Mke wangu amesema vyote vitupwe. Dada yangu, ambaye amekuja kusaidia maandalizi, amesema kilichomo kwenye barafu hakiozi hata kikikaa miaka mitatu, na kwamba kutupa kilo saba za nyama wakati kuna mzazi ndani ya nyumba ni kumkufuru Mungu. Mimi mstaafu naiona hasara, lakini sitaki kumpa mama anayenyonyesha kitu ambacho nisingekula mwenyewe kwa moyo mkunjufu.

Kuna jambo la pili, ambalo sikutaka kulitaja, ila mke wangu amesimama nyuma yangu ninapoandika. Mwezi Juni tulisafiri siku sita kwenda harusini Dodoma, na nyumba tulimwachia mtoto wa mdogo wangu. Tuliporudi alituambia kwamba luku iliisha usiku mmoja, akanunua umeme asubuhi yake. Tulifungua friza tukakuta kila kitu ni kigumu kama jiwe, hata zile barafu za ubuyu ambazo mke wangu huwauzia watoto wa shule, kwa hiyo hatukulifikiria tena. Je, usiku mmoja unaweza kuwa na uzito kuliko miezi tisa?

Mpishi wa Njiro (Arusha)

Shikamoo Mwalimu, na hongereni kwa mjukuu. Nimepika kwa miaka mingi katika hoteli na kambi za watalii hapa Arusha, kwenye majiko ambako kila asubuhi, kabla hata ya kubandika maji ya chai, tuliandika joto la kila friza kwenye daftari. Nakujibu kwa kuanzia mwisho: ndiyo, usiku mmoja unaweza kuwa na uzito kuliko miezi tisa, na hata kuliko miaka miwili.

Dada yako ana nusu ya ukweli. Nyama iliyokaa wakati wote kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri haiozi, kwa sababu bakteria hawawezi kuzaliana katika baridi hiyo. Miezi unayoisoma kwenye miongozo ya chakula inahusu ladha na ulaini, haihusu usalama. Mamlaka za chakula za Marekani, kwa mfano, hushauri kipande kikubwa cha nyama kiliwe ndani ya miezi 4 hadi 12, kuku mzima ndani ya mwaka mmoja, na nyama ya kusaga na maini ndani ya miezi 3 hadi 4, lakini hizohizo husema wazi kwamba chakula kilichobaki kimeganda bila kukatizwa ni salama hata muda huo ukipita. Kwa hiyo kwa hesabu ya kalenda peke yake paja lako halijapitwa na wakati, kuku pia, na ile ya kusaga itakuwa imepoteza utamu tu.

Mabaka ya kijivu yasikutishe. Barafu iliyomo ndani ya nyama hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, hasa pale mfuko ulipobaki na hewa au ulipotoboka kwa ncha ya mfupa, nayo nyama hukauka sehemu hiyo. Umelifundisha jambo hilo darasani, Mwalimu, sidhani kama ulitarajia kulikuta kwenye paja la mbuzi. Sehemu iliyokauka hukatwa ikatupwa kwa sababu hutafunika kama kamba, haina sumu. Kinachoharibika polepole hata ndani ya friza ni mafuta, kwa kuwa hewa huyafikia yakachacha, na mafuta ya kuku na ya nguruwe hutangulia yale ya ng'ombe. Ukiyapika unasikia uchungu kooni na harufu kama ya karanga za mwaka juzi.

Nusu ya ukweli ambayo dada hakuisema ni kwamba baridi haiui bakteria, huwalaza tu. Nyama ikiyeyuka wanaamka, wanaendelea pale walipoachia, na umeme ukirudi wanagandishwa tena wakiwa wengi kuliko mwanzo. Ndiyo maana kukuta kila kitu kigumu kama jiwe hakukuambii lolote. Jiwe lililoyeyuka Jumapili likaganda Jumanne ni jiwe vilevile.

Friza iliyojaa ikizimika bila kufunguliwa hushikilia baridi yake kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa takriban saa 24. Kama kweli ulikuwa usiku mmoja na hakuna aliyefungua mlango, huna tatizo. Lakini Mwalimu, neno "usiku mmoja" limetoka kwa kijana aliyeachiwa nyumba, nami nimelea vijana. Usimuulize yeye kwanza, iulize friza.

Toa kila mfuko uukague kwenye mwanga wa mchana ungali mgumu. Nyama iliyoganda mara moja tu huwa na barafu nyepesi kama unga juu yake, na mfuko wake ni mkavu pembeni. Nyama iliyowahi kuyeyuka hutoa majimaji mekundu ambayo huteremkia kwenye pembe ya chini ya mfuko, na baridi ikirudi yanaganda hapohapo. Tazama pia kama mifuko imegandana, au kama kuna utando mwekundu kwenye sakafu ya friza. Halafu umezitaja kwa kupita tu zile barafu za ubuyu, na nadhani hizo ndizo shahidi wako mkubwa. Kifuko cha barafu kilichogandishwa vizuri kina umbo lake la duara, kama kidole. Kikiyeyuka hulala bapa, kikapokea umbo la kilichokilalia, na kikiganda tena hakiwezi kulirudia umbo la zamani. Je, za Juni bado zipo?

Mangi Mdogo (Marangu)

Mwalimu, nawaheshimu wataalamu, lakini naona tunaikuza habari ndogo. Wazee wetu walikausha nyama darini juu ya moto wa kuni, wakaila baada ya miezi mingi, na hawakuwa na daftari la joto. Mimi mwenyewe mwaka jana nilikula nyama ya ng'ombe iliyokaa kwenye friza miezi 14 na niko hapa ninaandika. Iyeyushe, inuse, ikiwa haina uvundo wala utelezi ioshe kwa ndimu, weka tangawizi nyingi, kisha itie kwenye sufuria ya presha kwa saa nzima. Hakuna mdudu atakayetoka humo akiwa hai.

Mkaguzi wa Nyama Mstaafu (Hai)

Mangi, nyama yako ya miezi 14 haibishaniwi, maana yawezekana haikuwahi kuyeyuka hata dakika moja, na nyama ya darini ilihifadhika kwa ukavu na moshi, ambayo ni njia nyingine kabisa. Ninachopinga ni sentensi yako ya mwisho. Ni kweli kwamba mdudu hatatoka hai kwenye sufuria ya presha. Hata sufuria ya kawaida inamtosha: hapa Moshi maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi na Arusha kwenye 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, wakati katikati ya kipande cha kuku panahitaji kufika nyuzi 74 tu ili pawe salama. Tatizo ni kile ambacho mdudu amekiacha kabla hajafa. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye hukaa puani na mikononi mwa watu wazima wenye afya, akipata nyama vuguvugu kwa saa kadhaa hutengeneza sumu ambayo inaweza kustahimili kuchemshwa kwa nusu saa na zaidi. Unamuua yeye, sumu yake inabaki kwenye mchuzi. Mlaji huanza kutapika ndani ya saa chache, na wenyeji watasema ni mafuta yamemkinai. Nyama iliyokatwakatwa na kugawanywa kihambani imepita kwenye mikono mingi, sina haja ya kueleza zaidi.

Kuhusu pua, Mwalimu, kunusa nyama iliyoganda ni sawa na kusikiliza redio iliyozimwa. Harufu huja baada ya kuyeyuka, na hata hapo inakuambia habari za bakteria wanaoozesha tu. Wale wanaougonjesha mwili, kama Salmonella wa kuku, wanaweza kuwa wengi kabisa bila nyama kutoa harufu. Uvundo, utelezi unaonata vidoleni na rangi ya kijani ni sababu tosha za kutupa, lakini kukosekana kwake si cheti. Rangi ya kahawia peke yake haimaanishi kitu, kwani nyama nyekundu hugeuka hivyo kwa kuguswa na hewa.

Niongeze neno moja kutokana na kazi yangu, ingawa hukuuliza. Kanda yetu hii ya Arusha na Kilimanjaro ina historia ya kimeta, na mbegu za ugonjwa huo hazifi kwa kugandishwa, wala mtu asitegemee upishi wa nyumbani kuziua. Kila Krismasi nilikuwa nikikuta familia zimechinja haraka mnyama aliyeanza kuyumba. Je, ng'ombe wenu na mbuzi wale walikaguliwa? Kama jibu ni hapana na kuna aliyekuwa mgonjwa, maswali ya umeme hayana maana tena.

Mwalimu Mstaafu (Moshi)

Nawashukuru wote. Nianze na la mkaguzi, ambalo ni jepesi: wanyama wote watatu walikuwa wazima, na afisa mifugo wa kata aliwakagua kabla na baada ya kuchinjwa. Kaka yangu ni mtu wa taratibu kuliko mimi.

La friza si jepesi. Asubuhi hii nilitandika gunia uani nikatoa kila kitu. Barafu za ubuyu za Juni zilikuwapo, maana kipupwe kilipoingia watoto waliacha kununua na mke wangu akaziacha kwenye kikapu cha juu. Tumezikuta vifuko 23 vimeshikana na kuwa bamba moja jekundu, bapa kama kitabu, na upande wa chini zimechongeka alama za nyaya za kikapu. Mke wangu anasema aliwahi kuliona bamba hilo Julai akadhani kijana alizikandamiza kwa kubandika kitu juu yake. Maini na nyama ya kusaga vilikuwa vimegandana, nikavitenganisha kwa kisu.

Nilitumaini kwamba paja, kwa kuwa lilikuwa chini kabisa ambako baridi hutuama, lingekuwa limesalimika. Juu lilikuwa safi. Nilipoligeuza nikaona, kwenye pembe ya mfuko upande wa goti, kipande cha barafu nyekundu chenye unene wa kidole gumba, kinachopitisha mwanga kama taa ya nyuma ya gari. Kuku naye alikuwa na cha kwake.

Ndipo nilipomwita kijana, nikamwekea lile bamba la ubuyu mezani bila kusema neno. Alilitazama muda mrefu. Luku iliisha Ijumaa jioni, naye alikuwa amekwenda kwa rafiki zake Majengo, akarudi Jumapili mchana. Halafu, kabla ya kununua umeme, alifungua friza mara mbili kutafuta maji ya baridi. Ni kama saa 42 kwa hesabu yangu, na wakati huo friza haikuwa imejaa hata nusu.

Nina swali moja lililobaki. Zile pakiti mbili za nyama ya ng'ombe tulizozidhania kuwa za Desemba zina plasta yenye mwandiko wa mke wangu, "12/8". Alizinunua bucha mwezi uliopita. Nazo nizitupe kwa kuwa zimelala pamoja na hizo nyingine?

Mpishi wa Njiro (Arusha)

Hapana Mwalimu, hizo za Agosti zina historia yake peke yake. Ziliingia baada ya tukio, na kama mfuko ni mzima na haujachafuliwa na majimaji ya jirani yake, ni nyama nzuri. Futa mfuko kwa nje kabla ya kuufungua. Hamisha pakiti kwenye friji leo jioni, ndani ya bakuli lenye kingo ili isidondokee mboga, na ukadirie siku nzima kwa kilo mbili. Ukichelewa, izamishe ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji kwenye maji ya bomba ya baridi, ubadilishe maji kila nusu saa, kisha uipike palepale. Usiiache mezani usiku kucha kama tunavyozoea, kwa sababu nje inapata joto la chumba kwa saa nyingi huku katikati bado ni barafu. Iliyoyeyukia ndani ya friji ukibadili mawazo unaweza kuirudisha kugandishwa, itapungua ladha kidogo tu. Iliyoyeyukia kwenye maji ipikwe kwanza.

Paja, kuku, maini na kusaga, pole sana, vyote vitoke. Kama lile paja lingekuwa bado na barafu ndani siku ile umeme uliporudi, au lingekuwa bado na baridi ya friji, yaani nyuzi 4 au chini yake, lingeweza kugandishwa upya bila shida. Lakini hakuna aliyelishika siku hiyo, na leo haliwezi kutueleza lilifika nyuzi ngapi wala kwa saa ngapi. Vifukie kwa kina, mbwa wasivifukue, na barafu za ubuyu nazo usimwachie mama azigandishe upya. Osha friza kwa maji ya sabuni, suuza, kausha.

Kisha fanya kitu kimoja kisicho na gharama. Jaza maji kwenye kikombe, kigandishe, weka sarafu juu ya barafu, ukiache humo siku zote, kwenye kile kikapu cha juu ambako joto hufika mapema. Ukirudi safarini ukakuta sarafu iko juu, barafu haikuyeyuka. Ukiikuta katikati au chini, usimuulize mtu.

Mwalimu Mstaafu (Moshi)

Vimefukiwa nyuma ya migomba, kina cha jembe mbili. Dada yangu hakuja kutazama. Ile ya Agosti iko kwenye friji kwa ajili yetu sisi, na kwa mzazi mke wangu amechagua mwenyewe kidari kibichi bucha asubuhi hii, akasubiri mpaka alipooneshwa muhuri. Kikombe kimewekwa kikapuni, na sarafu ya shilingi 200 imetolewa na kijana.

Mpishi, ameniomba nikuulize kama mwenye nyumba akirudi anaruhusiwa kumrudishia.